Kusafiri nje ya nchi na mtoto mchanga uliyemwasili: sheria, nyaraka na matunzo ya njiani

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio saa nne asubuhi, tukiwa katikati ya matangazo ya vifo. Mama mmoja aliuliza hivi: mdogo wake alifariki na kuacha mtoto mchanga, sasa ana miezi 7 na analelewa na bibi yake. Dada yao mkubwa anaishi Marekani na yuko tayari kumchukua. Ukoo umeshakaa kikao na kukubaliana. Je, wakate tiketi lini?

Nilimjibu hewani kwamba tiketi ndiyo kitu cha mwisho kabisa. Baada ya hapo simu hazikukatika, maana wengi wana jambo kama hilo nyumbani. Wapo waliochukua mtoto kwenye makao na wanataka kwenda naye Kenya kusalimia wakwe. Wapo wenye ndugu Ulaya au Uarabuni wanaotaka "kumchukua mtoto akasome". Dakika kumi za kipindi hazikutosha, kwa hiyo nimeyaandika hapa ili usome taratibu kwenye simu yako.

Kulea si kuasili

Kwetu mtoto wa marehemu halali nje. Shangazi, mama mdogo au bibi atamchukua, atamwita mwanangu, na hakuna atakayemuuliza karatasi. Huo ni utu wetu. Lakini ofisa wa mpakani hakuwapo kwenye kikao cha ukoo. Muhtasari wa kikao, hata ukiwa na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, haukufanyi kuwa mzazi wa mtoto mbele ya sheria.

Tanzania Bara jambo hili linaongozwa na Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Sheria hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni malezi ya kambo: unakabidhiwa mtoto umtunze chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii, lakini hajawa wako. La pili ni kuasili: Mahakama Kuu inatoa amri, na kuanzia siku hiyo mtoto anahesabiwa kuwa umemzaa wewe. Wazazi waliomzaa wanapoteza haki na wajibu wao kwake. Hii si kwa mwaka mmoja wala mpaka amalize shule. Ni moja kwa moja.

Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, ambayo ndani yake kuna utaratibu wa kafala kwa familia za Kiislamu. Katika kafala mlezi anachukua jukumu la kumtunza mtoto bila kumbadilisha nasaba. Mtoto anabaki na jina la baba yake. Hili lina uzito kwa walio na ndugu Oman na nchi nyingine za Ghuba, maana huko wanaijua kafala na si kuasili, na ukifika na karatasi ya aina tofauti na wanayoitambua utapata shida. Ulizieni mapema kwenye ubalozi.

Njia ya mahakama

Safari inaanzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, si kwa wakili wala kwa mkuu wa makao ya watoto. Yeye atakuja nyumbani kwako, aone unalala wapi, unapata wapi riziki, na majirani wanakusemaje. Msimfiche kitu. Najua watu wanaoazima makochi siku ya ukaguzi, nao maofisa wanajua pia. Hawatafuti nyumba ya vigae.

Mwombaji kwa kawaida awe na umri wa angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwa ndugu wa mtoto sheria imelegeza, anaweza kuomba akiwa na miaka 21. Wanandoa huomba pamoja. Mtoto hukaa kwanza kwako kwa kipindi cha malezi ya kambo, ofisa akifuatilia na kuandika taarifa. Ndipo maombi yanapelekwa Mahakama Kuu. Jaji ataangalia ridhaa ya mzazi kama yupo, na lazima ajiridhishe kwamba mzazi huyo ameelewa anachokikubali. Atahakikisha pia kwamba hakuna mtu aliyelipwa. Mtoto akiuzwa, hata kwa bei ya bati za nyumba, hilo si kuasili tena. Linaingia kwenye Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Kwa mtu asiye raia wa Tanzania masharti yanaongezeka. Lazima awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa usimamizi wa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, alete taarifa ya kufaa kwake kutoka mamlaka ya nchi yake, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri na kumpa mtoto ukaazi. Kwa hiyo mgeni anayekuja likizo wiki mbili na kusema ataondoka na mtoto, ama hajui sheria ama anajua na ana njia nyingine. Yote mawili ni sababu ya kumwita ofisa.

Mtoto akiwa bado kwenye malezi ya kambo

Hapa ndipo watu wazuri wanapoponzwa. Wamekabidhiwa mtoto, wana barua ya kukabidhiwa, na wanaona mambo yamekwisha. Mtoto wa malezi ya kambo bado yuko chini ya macho ya ustawi wa jamii. Usimvushe mpaka, hata kwenda sokoni ng'ambo na kurudi jioni, bila ruhusa ya maandishi. Ukikamatwa naye, barua yako itathibitisha jambo moja tu: kwamba mtoto si wako.

Cheti, pasipoti na majina

Amri ikishatolewa, haikai kwenye kabati. Inapelekwa kwa Msajili Mkuu, yaani RITA, ambako kuna rejista ya watoto walioasiliwa. Mtoto anaingizwa humo kwa jina lake jipya na majina yenu kama wazazi, na mnapata cheti kutoka rejista hiyo. Cheti hicho ndicho mtakachokwenda nacho Uhamiaji kuomba pasipoti, pamoja na amri ya mahakama, vitambulisho vyenu na ridhaa yenu ya maandishi. Ada ya pasipoti ya kawaida tangu zije za kielektroniki mwaka 2018 imekuwa Sh150,000. Ulizia kiwango cha siku hiyo kabla ya kufunga safari.

Picha ya pasipoti ya mtoto wa miezi miwili ina visa vyake. Macho yawe wazi, mkono wa mtu usionekane, na kichwa kisiegemee upande. Mlaze juu ya kitambaa safi cha rangi inayotakiwa na ofisi, mpiga picha asimame juu yake. Mpeleke akiwa ameshiba na ameamka. Akiwa na usingizi utarudi tena kesho.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi. Dada yangu na mumewe waliasili mtoto wa kike, nikawasindikiza kwa basi kwenda nchi jirani. Makao alikotoka yalimpa jina moja, wao wakampa jingine kwa amri ya mahakama. Pasipoti ilikuwa na jina jipya, lakini kadi ya kliniki ilibaki na la zamani. Mpakani ofisa aliomba kadi ya chanjo, akaona majina mawili tofauti kwa mtoto mmoja, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Amri ya mahakama iliyoeleza yote ilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa chini ya buti la basi, chini ya magunia ya watu. Basi halikutusubiri. Tulikaa saa nne kwenye benchi, mtoto analia, dada naye analia, mpaka basi lilipofika mji wa mbele na kondakta akaturudishia sanduku kwa gari dogo. Kosa lilikuwa letu na nauli ya gari dogo tulilipa sisi.

Tangu hapo nawaambia wote: karatasi za mtoto zikae kwenye mkoba ulioning'inia mwilini mwako. Amri ya mahakama iliyothibitishwa, cheti, pasipoti, kadi ya kliniki yenye jina lililosahihishwa, na nakala mbili za kila kimoja. Piga picha zote kwenye simu, kisha mtumie ndugu mmoja wa kuaminika. Ikiwa mzazi mmoja tu ndiye anayesafiri, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyoshuhudiwa na wakili. Na ukiulizwa "huyu ni nani wako?", jibu ukweli: ni mwanangu, nimemwasili, amri hii hapa. Wapo wanaoona haya wakasema nimemzaa, halafu karatasi zikasema vingine.

Jambo moja zaidi kuhusu amri. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Ikiwa amri yako imeandikwa Kiswahili na unakwenda nchi isiyokijua, utahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Ifanye kabla ya kwenda ubalozini.

Nchi mnayokwenda

Amri ya mahakama yetu haimpi mtoto uraia wa nchi nyingine. Kila nchi ina mlango wake. Ipo Mikataba ya The Hague, na mmoja wapo, wa tarehe 29 Mei 1993, unahusu watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kenya na Burundi wameuridhia. Tanzania haimo. Kwa hiyo mtoto anayetoka kwetu hupitia utaratibu tofauti na mtoto anayetoka Kenya, hata kama anakwenda mji uleule. Usifuate maelekezo ya jirani aliyepitia Nairobi.

Tuchukue Marekani, kwa kuwa ndiko aliko dada wa yule msikilizaji. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mtoto yatima kutoka nchi isiyo kwenye mkataba, ilimradi mtoto hajafikisha miaka 16 maombi yanapowasilishwa. Yatima kwa sheria yao ni pamoja na mtoto aliyebaki na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza, ambaye amemwachilia kwa maandishi yasiyorudishwa. Akiingia kwa viza ya uhamiaji, kuasiliwa kukiwa kumekamilika na akiwa chini ya miaka 18, sheria yao iliyoanza kutumika Februari 27, 2001 inampa uraia moja kwa moja. Mwenye kadi ya ukaazi tu, ile wanayoiita grini kadi, hana njia hiyo ya yatima. Yeye hutakiwa awe amemwasili mtoto kabla hajafikisha miaka 16, awe na mamlaka ya kisheria juu yake na kuishi naye pamoja kwa miaka 2 ndipo amwombee.

Mwone dada huyo alivyokwama. Kama bado ni Mtanzania mwenye grini kadi, kwetu anaingia kwa mlango wa raia na hadaiwi miaka 3 ya ukaazi, lakini Marekani wanamtaka aishi na mtoto miaka 2 kwanza. Kama ameshachukua uraia wa Marekani, kwao mlango uko wazi, ila kwetu amekuwa mgeni na miaka 3 inamhusu. Hakuna shangazi mwenye fedha anayeweza kuipunguza hiyo kwa kukata tiketi ya haraka. Na kumpitisha mtoto kwa viza ya matembezi huku mnajua haendi kutembea ni kuidanganya nchi ile. Mtoto atakua huko bila karatasi, na siku atakayotaka kazi ndipo atajua.

Kilichotokea Kongo

Hata mwenye karatasi zote anaweza kukwama. Tarehe 25 Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Kulikuwa na wazazi waliokwisha kupata hukumu ya mahakama, na baadhi ya watoto walikuwa tayari na viza. Mamia ya familia za Marekani na Ulaya zilibaki zikisubiri. Wazazi wengine walihamia Kinshasa kukaa na watoto wao, wengine walituma fedha za matunzo kwenye makao mwezi baada ya mwezi. Ilichukua mpaka mwanzoni mwa 2016 kwa wengi kuruhusiwa. Mtoto aliyekuwa wa kubebwa aliondoka akitembea na kuongea.

Serikali ya Kongo haikuzuka tu. Kulikuwa na hofu ya vyeti vya kughushi na watoto kuhamishwa kwa watu wengine baada ya kufika ughaibuni. Hofu kama hiyo ndiyo iliyofanya Kenya isimamishe kuasili kwa wageni Novemba 2014, Uganda ibadilishe sheria yake mwaka 2016, na Ethiopia ipige marufuku kabisa mwaka 2018. Kwa msafiri maana yake ni hii: uliza kama kibali cha kutoka kinahitajika na kama bado kinatolewa, na uliza tena wiki ya safari.

Afya kabla ya kuondoka

Mpeleke mtoto kliniki. Kama hujui historia yake, na wengi waliookotwa hawana, mwambie muuguzi hivyo. Atapanga chanjo upya. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9. Cheti chake huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiende kuchanja jioni ya kuamkia safari. Kama mtoto hajafikisha miezi 9, omba barua ya daktari inayoeleza sababu.

Malaria ndiyo watu huisahau. Mtoto anaweza kuondoka mzima akiwa na vimelea mwilini, homa ikaja wiki kadhaa baadaye akiwa mahali ambapo daktari hajawahi kumtibu mgonjwa wa malaria. Akipata homa ndani ya miezi 3 ya kufika, sentensi ya kwanza unayomwambia daktari iwe: mtoto huyu ametoka nchi yenye malaria, mpimeni damu leo.

Maziwa ya njiani

Mtoto aliyeasiliwa kwa kawaida hanyonyi ziwa, na hapo ndipo safari inapokuwa ngumu kuliko ya mama mwingine. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto chini ya mwaka mmoja. Ni ya kopo, na hesabu yake ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 5 atakunywa karibu mililita 750 kwa siku. Beba ya siku mbili zaidi ya unazohitaji, maana mabasi huharibika na ndege huahirishwa.

Maji ya kuchanganyia yawe yamechemka na bado ya moto, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wa kopo unaweza kuwa na vijidudu. Chupa nzuri ya chai itakutunzia maji hayo kwa saa kadhaa. Pima unga nyumbani, uweke kwenye vikopo vidogo vikavu, kimoja kwa mlo mmoja. Ukishachanganya, poza kwa kutumbukiza chombo kwenye maji baridi, jaribu tone kwenye kiwiko, mpe. Yaliyokaa zaidi ya saa 2 bila friji mwaga. Inauma kumwaga, najua bei ya kopo. Kikombe kidogo kinaoshwa vizuri kuliko chuchu ya chupa. Kama mtoto amezoea kikombe, ni nafuu kubwa kwenye basi.

Kwenye uwanja wa ndege vimiminika huzuiwa vikizidi mililita 100, lakini maziwa ya mtoto huruhusiwa kwa kiasi cha safari. Yatoe mwenyewe kwenye mkoba, uyaonyeshe. Usisubiri mashine iyagundue.

Ndani ya ndege

Mtoto chini ya miaka 2 hukaa mapajani. Hata hivyo ana tiketi yake, na kwa safari za nje mashirika mengi hutoza karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Baadhi ya ndege zina kitanda kidogo cha kuning'inizwa kwenye ukuta wa mbele. Kiombeni siku ya kukata tiketi, vipo vichache. Mkanda wa mtoto huunganishwa na wako, kwa hiyo mbeleko ifunguliwe ndege inaporuka na kutua. Nyakati hizo mbili mpe anyonye kitu, maziwa au chuchu ya mpira, masikio yasimuume.

Mtoto aliyetoka mikono ya watu wengi anahitaji kujua yake ni ipi. Safari ndefu si wakati wa kumpitisha kwa kila abiria anayesema "lete nimbebe". Dada yangu alibeba kanga ileile aliyomlazia mtoto kwa mwezi mzima bila kuifua kwa sabuni ya manukato. Akilia, anamfunika nayo, ananyamaza. Wenzetu kwenye kiti cha nyuma walidhani ni dawa.

Ukiletewa karatasi usaini

Haya ni kwa bibi na wazazi mnaosoma. Akija mtu, awe ndugu, mchungaji, shehe au mgeni mwenye gari zuri, akasema mtoto anapelekwa kusoma nje na atarudi, na mkononi ana karatasi ya lugha usiyoisoma, usiweke dole gumba. Mwambie mwende wote kwa ofisa ustawi wa jamii, aisome kwa sauti kwa lugha yako. Uliza swali moja: nikisaini hapa, mtoto akirudi miaka 10 ijayo, atakuwa wangu? Kama karatasi ni ya kuasili, jibu ni hapana. Familia vijijini Uganda na Ethiopia zimewahi kukubali zikidhani ni ufadhili wa shule. Ukikosa ofisa karibu, piga 116, Simu ya Mtoto. Haitozwi, hata kama huna salio.

Yule mama wa ujumbe wa saa nne alinipigia tena juzi. Wameshafika kwa ofisa ustawi, na dada aliyeko Marekani bado ana pasipoti ya Tanzania. Cheti cha kifo cha marehemu hakikuwahi kuchukuliwa, kwa hiyo wameanzia hapo. Mtoto yuko kwa bibi na ameota meno mawili ya chini.